Kanuni Zisizo na Mwenyewe: Kisa cha Blood Bowl, 2009 hadi 2016

Katika Blood Bowl, mchezo wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo na dadu, mchezaji wa timu ya Dwarf (mbilikimo) mwenye deraya 9 ameangushwa. Aliyemwangusha anarusha dadu mbili, na kama hana ustadi wowote wa ziada anahitaji jumla ya 10 au zaidi ili deraya ivunjike. Hayo ni matokeo 6 kati ya 36. Ikivunjika, zinarushwa dadu mbili nyingine za kupima jeraha: 2 hadi 7 amezubaa tu, 8 na 9 amezirai, 10 kwenda juu ameumia vibaya na mechi imemwishia, pengine na kilema cha kudumu, pengine amekufa kabisa. Tena ni 6 kati ya 36. Ukizidisha unapata nafasi 1 kati ya 36, asilimia 2.8. Kocha wa Dwarf, yaani mtu anayeiendesha timu hiyo mezani, ameilipia salama hiyo kwa kukubali timu ambayo wengi wake wanakwenda hatua 4 kwa zamu, huku wapinzani wake wakikimbia 7 na 8.

Sasa mpe mshambuliaji stadi tatu. Claw inasema kwamba jumla ya 8 au zaidi, baada ya nyongeza, huvunja deraya ya mtu yeyote. Mighty Blow inaongeza 1 kwenye deraya au kwenye jeraha, kimoja tu, na kocha anaamua akiwa ameshaona dadu. Piling On inamruhusu kujirusha juu ya aliyeanguka na kurudia ama dadu za deraya ama za jeraha, kwa gharama ya kubaki amelala chini. Dwarf yuleyule sasa ana nafasi ya asilimia 31 ya kuumia vibaya kila anapoangushwa. Ni zaidi ya mara kumi na moja.

Tatizo hili lilijulikana na kila aliyecheza ligi ndefu za Blood Bowl chini ya kanuni za mwaka 2009. Lilikaa vilevile miaka saba. Kisa hiki kinaeleza kwa nini halikuguswa, nini kiliokoa mchezo katika muda huo, na kazi ya kutunza kanuni inadai nini kwa yeyote anayeshika waraka ambao wengine wanautegemea.

Blood Bowl ni mchezo wa mezani wa sanamu ndogo, uliotungwa na Jervis Johnson na kutolewa na Games Workshop ya Uingereza mwaka 1986. Ni dada wa michezo ya vita ya Warhammer: majeshi yaleyale ya kubuni, ila vita vyao ni mpira. Timu mbili zinaweka wachezaji 11 kila moja kwenye uwanja wa miraba 26 kwa 15, kila timu inacheza zamu 8 kwa kipindi, vipindi viwili. Toleo la tatu la mwaka 1994 ndilo lililoenea sana. Baadaye, kampuni ilipoelekeza nguvu kwenye michezo yake mikubwa, kanuni zilihamia kwenye waraka wa bure ulioitwa Living Rulebook, ukisimamiwa na kamati iliyomchanganya mtunzi na wachezaji wa kujitolea. Kamati ilipitia kanuni, ikakusanya malalamiko, ikajaribu marekebisho, ikatoa toleo jipya. Toleo la sita la waraka huo, la mwaka 2009, lilipewa jina la Competition Rules Pack, na wachezaji wakaliita CRP. Lilikuwa la mwisho kutoka kwenye kamati hiyo. Toleo jipya la kampuni halikutokea mpaka Novemba 2016.

Katikati hapo palikuwa na waraka mzuri, wenye maelfu ya watumiaji, usio na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha hata namba moja.

Turudi kwenye ile asilimia 31, kwa sababu marekebisho mengi yaliyopendekezwa na mashabiki yalikosea kwa kutofanya hesabu hii hadi mwisho. Anza bila Piling On. Dadu mbili zina matokeo 36. Matokeo 15 yana jumla ya 8 au zaidi: hapo Claw inavunja deraya yenyewe, na Mighty Blow inabaki kwa ajili ya jeraha, ambapo 9 au zaidi inatosha, yaani matokeo 10 kati ya 36. Matokeo mengine 6 yana jumla ya 7 kamili: hapo Mighty Blow inatumika kuifikisha 8, deraya inavunjika, lakini jeraha linarushwa bila nyongeza, 6 kati ya 36. Jumlisha: 15 mara 10, ongeza 6 mara 6, ni 186 kati ya 1,296. Asilimia 14.4.

Ongeza Piling On. Deraya ikigoma, unarudia mzunguko wote wa juu mara moja. Deraya ikivunjika lakini jeraha likawa dogo, unarudia jeraha. Ukifuata kila tawi mpaka mwisho, asilimia 14.4 inakuwa 31.0.

Marekebisho mawili yalizungumzwa sana. La kwanza: Claw na Mighty Blow zisijumlishwe kwenye deraya. La pili: Piling On iondolewe au ilipiwe. Masikioni la kwanza linavutia zaidi, kwa kuwa ile jumla ya 7 inayogeuzwa 8 ndiyo inayoudhi mezani. Hesabu inasema vingine. Ukizuia kujumlisha na kuiacha Piling On, unashuka kutoka 31.0 hadi 26.7 tu. Ukiiondoa Piling On na kuacha kujumlisha, unashuka hadi 14.4. Ukifanya yote mawili unafika 11.6. Mzigo mkubwa umebebwa na Piling On, na ligi iliyogusa Claw peke yake ilijipatia ugomvi na makocha wa Chaos, mojawapo ya timu zinazoipata Claw kwa urahisi, bila kupunguza majeruhi kwa kiasi cha kuonekana.

Kuna sababu nyingine iliyofanya stadi hizi tatu zilipane vizuri namna hii. Katika CRP, ustadi wa kawaida unaongeza sarafu 20,000 za dhahabu za mchezo kwenye thamani ya timu, uwe dhaifu au mkali. Chaos Warrior, mchezaji wa timu ya Chaos wa 100,000, akibeba zote tatu anahesabiwa 160,000. Bei haijui kwamba ustadi wa tatu unazidisha miwili iliyotangulia. Halafu njia ya kuzipata inajilisha yenyewe. Ustadi wa kwanza unakuja ukifikisha alama 6 za uzoefu, wa pili 16, wa tatu 31, na kila anayemuumiza mpinzani vibaya kwa kumpiga anavuna alama 2. Anayeumiza anakua haraka, na akikua anaumiza zaidi. Wachezaji wa Chaos na Nurgle wanaweza kuchukua Claw kwenye kupanda daraja kwa kawaida, wa timu chache nyingine wanahitaji kubahatisha dadu mbili zinazofanana, na waliobaki hawawezi kuichagua kabisa. Kwa hiyo ugonjwa huu haukuwa wa mchezo mzima. Ulikaa kwenye timu chache, katika ligi zinazoendelea msimu baada ya msimu.

Mashindano ya wikendi karibu hayakuugua kabisa, na ndiyo sehemu inayofundisha zaidi katika kisa chote. Mashindano mengi hutumia mtindo wa kufufua: kila mechi timu inaanza upya kama ilivyosajiliwa, majeruhi wanarudi, hakuna alama za uzoefu. Mwandaaji anatoa bajeti, mara nyingi kama 1,100,000, pamoja na stadi chache za kugawa, na kwa kawaida haruhusu mchezaji mmoja kupewa zaidi ya ustadi mmoja wa nyongeza. Chini ya sharti hilo zile stadi tatu haziwezi kukutana kwa mtu mmoja. Kanuni ileile, maneno yaleyale, mahali pamoja ni salama na mahali pengine ni sumu. Anayejaribu kanuni katika mazingira ya aina moja tu hajaijaribu. Ligi ya mechi nane haitaonyesha kitu kinachojitokeza msimu wa tatu. Njia ya bei nafuu ya kukiona mapema ni kuunda kwenye karatasi mchezaji mwenye alama 31, ukampa stadi zote tatu mbaya kabisa zinazoweza kukutana, kisha ukapiga hesabu ya matokeo yake 36 kwa 36.

Kwa nini basi wachezaji hawakuchukua tu kalamu? Haki za maandishi zilikuwa za Games Workshop, na hilo peke yake linamzuia mtu mwenye akili kuchapisha kitabu kizima kilichorekebishwa. Ila sababu kubwa zaidi ilikuwa makubaliano. NAF, chama cha kimataifa cha wachezaji wa Blood Bowl, kilikuwa kikisajili mashindano na kupanga wachezaji kwa viwango. Kombe la Dunia la NAF lilichezwa Amsterdam mwaka 2011 na Lucca, Italia, mwaka 2015, yote mawili katika kipindi hiki kisicho na mwenyewe. FUMBBL, mfumo wa kucheza kwa intaneti uliojengwa na watu wa kujitolea, ulitumia maandishi hayohayo. Watu wasiojuana, kutoka nchi tofauti, walikaa mezani wakaanza kurusha dadu bila kuulizana lolote. Ukitoa toleo lako lililo bora kwa asilimia tano, unavunja hilo kwa asilimia mia. Walioacha msingi ugande walikuwa sahihi, hata Piling On ikiwa ndani yake.

Badala ya kugusa msingi, kazi ikafanyika kwa tabaka juu yake. Tabaka la kwanza ni kijitabu cha mashindano: bajeti, stadi, vigezo vya kutenganisha waliofungana, muda wa mechi. Kinaisha siku mashindano yanapoisha, kwa hiyo makosa yake hayarithiwi. Tabaka la pili ni kanuni za ligi, zinazodumu msimu mmoja. La tatu lilikuwa la NAF yenyewe: CRP ilikuwa na timu 21, na NAF ikakubali nyingine tatu, yaani Slann, Chaos Pact na Underworld, zikafika 24. Timu mpya ni nyongeza salama kuliko kubadilisha ustadi uliopo. Asiyeitaka haiguswi na chochote isipokuwa akikutana nayo mezani.

Tabaka la nne ni programu, nalo linastahili heshima kuliko linavyopewa. Binadamu wawili mezani wanaweza kuruka sentensi yenye utata. Programu haiwezi. Lazima ijue kocha anaulizwa kuhusu Mighty Blow kabla au baada ya kuamua Piling On, na mchezaji aliyejirusha chini anapoteza nini. Kila swali ambalo mwandishi wa programu analazimika kuuliza ni shimo katika maandishi. Mtunza kanuni asiye na programu anaweza kupata faida hiyohiyo kwa kuandika kila ustadi kama mfuatano wa hatua: nani anaamua, lini, akiwa ameona nini, na nini kinafungwa baada ya hapo. Ukishindwa kuijaza hatua moja, umeupata utata kabla ya wachezaji kuugombania.

Palipopungua ni mahali pamoja. Kati ya msingi uliogandishwa na kanuni za kila ligi, hapakuwa na karatasi moja ya hiari, inayojulikana na wote, yenye rekebisho moja la Piling On ambalo ligi inalichukua au inaliacha. Matokeo yake kila ligi ilijitungia lake. Kocha akihama ligi anajifunza upya. Na kwa kuwa kila mtu alijaribu kitu tofauti, hata ushahidi ulioweza kusaidia ulitawanyika. Karatasi ya namna hiyo isingekuwa kitabu: sentensi nne au tano, ikitaja jina la ustadi na jina la kifungu kinachobadilishwa. Iandikwe kwa majina ya vifungu, isiandikwe kwa namba za kurasa, kwa sababu kurasa zinahama kila mtu anapochapa kwa karatasi ya ukubwa tofauti.

Kampuni iliporudi mwaka 2016, kanuni zake zilikuwa kwa sehemu kubwa CRP ileile. Piling On ikawekewa gharama: kurudia dadu kunatumia marudio ya timu, ambayo ni machache na yanahitajika kwingine. Toleo la 2020 lilimaliza kazi. Piling On ikatoka. Claw ikabaki na ile 8, ila ikahesabiwa kabla ya nyongeza, hivyo Mighty Blow haikuweza tena kuisaidia 7. Dwarf wetu akafika kwenye asilimia 11.6, namba ileile ambayo yeyote mwenye kalamu na karatasi angeweza kuipata mwaka 2009.

Lakini toleo jipya la mwenye haki ni mtihani mkubwa kwa kazi ya mashabiki kuliko ukimya wake, na timu ya Slann inaonyesha kwa nini. Chaos Pact na Underworld zilipata nafasi kwenye vitabu vya kampuni, ya kwanza kwa jina la Chaos Renegades. Slann ilibaki mikononi mwa NAF. Ni timu ya vyura wanaoruka. Chini ya CRP mchezaji wao wa kawaida aligharimu 60,000, wepesi 3, deraya 8, akiwa na Leap na Very Long Legs. Wepesi 3 ulimaanisha kuruka kwa 4 au zaidi, Very Long Legs ikaongeza 1, kwa hiyo aliruka kwa 3 au zaidi, mara 2 kati ya 3, hata kama amezungukwa na maadui.

Mwaka 2020 uandishi wa namba ulibadilika. Deraya 8 sasa inaandikwa 9+, na hapo ni mwandiko tu, maana haijaguswa. Wepesi 3 umekuwa 3+, na hapo kuna mtego: zamani wepesi 3 ulihitaji 4 kwenye dadu, halafu kukwepa, yaani kuondoka karibu na adui, kulipewa nyongeza ya 1. Sasa nyongeza imeondoka na namba yenyewe imeshuka. Kukwepa kumebaki palepale, lakini baadhi ya yale yaliyokuwa hayana nyongeza yamesogea. Zaidi ya hayo, kuruka sasa kunapunguziwa na maadui walio jirani, na Leap mpya inapunguza adhabu hiyo kwa 1 tu, wala haiwezi kuiondoa kabisa. Aliyenakili timu neno kwa neno, Leap na Very Long Legs, angepata chura ambaye, akiwa karibu na adui, kwa kawaida anaruka kwa 4 au zaidi. Mruko mmoja unashuka kutoka asilimia 66.7 hadi 50. Miruko mitatu mfululizo, ambayo ndiyo namna timu hii inavyoshambulia, inashuka kutoka asilimia 29.6 hadi 12.5. Timu imekufa huku orodha yake ikisomeka kama jana.

Orodha ya NAF ikabadilisha neno: badala ya Leap, Slann wakapewa Pogo Stick, ustadi unaofuta kabisa adhabu za kuruka. Wepesi 3+ bila adhabu ni kuruka kwa 3 au zaidi. Chura yuleyule kwa neno jingine. Hivyo ndivyo utunzaji unavyofanyika: unachokilinda ni kile kinachotokea mezani, na maneno unayabadilisha kadiri inavyohitajika ili kukilinda. Kwa hiyo kila timu au ustadi wa mashabiki uandikiwe pembeni mstari mmoja wa lengo, mfano "aruke kwa 3 au zaidi popote alipo". Miaka mitano baadaye, mtu asiyekuwepo wakati wa kutunga ataweza kuhamisha kazi bila kubahatisha.

Kwa anayeshika waraka wa namna hii leo, mambo machache yanatoka moja kwa moja kwenye kisa hiki. Andika tofauti tu, usinakili msingi. Weka tarehe kwenye jina la faili na juu ya kila ukurasa, maana karatasi zilizochapwa huachana na faili zake. Kila badiliko liwe na mistari miwili: lilikuwaje, na namba gani ilisababisha. Usiguse kitu katikati ya msimu isipokuwa kanuni isiyochezeka kabisa. Nakala ghafi, ile inayoharirika, iwe kwa watu wawili angalau, kwa sababu faili la kuchapa pekee halimsaidii atakayerithi. Na kila unapobadilisha ustadi, tafuta jina lake katika waraka mzima pamoja na orodha zote za timu, kwani ustadi mmoja hutajwa mahali ambapo hukumbuki.

Kuna jambo husahaulika hata na wenye uzoefu: wale ambao tayari wana kitu unachokiondoa. Kocha aliyejenga timu kwa misimu miwili kuzunguka Piling On hajavunja kanuni yoyote. Mpe nafasi, kabla ya mechi ya kwanza ya msimu mpya, abadilishe ustadi huo kwa mwingine wa kundi lilelile, kundi la nguvu, mara moja tu na bila kurudi nyuma. Thamani ya timu inabaki ileile kwa kuwa bei ni 20,000 kwa vyote viwili. Alama za uzoefu zisiguswe. Asiyechagua kabla ya mechi hiyo ya kwanza apewe ustadi mmoja uliotajwa wazi kwenye karatasi, ili msimamizi asilazimike kubuni uamuzi akiwa amesimama mezani na watu wawili waliokwisha panga sanamu zao.